Jibu la mtaalamu: "Simu yangu ina alamu kumi na moja na bado nasahau"

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 37, fundi cherehani, nina duka dogo la ushonaji hapa Dar es Salaam. Mwaka jana mwanangu wa miaka 8 alipelekwa kupimwa kwa sababu hatulii darasani. Daktari alipomaliza naye akanigeukia mimi, akaniuliza maswali mengi ya utoto wangu, mwisho akasema hata mimi nina hiyo hali ya upungufu wa umakini, ADHD. Nilishukuru kujua, lakini maisha hayajabadilika. Naunguza maharage mara mbili kwa wiki. Nimeacha kitambaa cha mteja kwenye daladala, nikalipa. Mwezi uliopita nilichelewa saa moja na nusu kumchukua mtoto shuleni kwa kuwa nilisahau kabisa kwamba siku hiyo wanatoka mapema. Kwenye kikoba nimepigwa faini mara nne mwaka huu, na pesa ninayo. Simu yangu ina alamu kumi na moja, zinalia, nazizima. Ajabu ni kwamba naweza kukuchorea mshono wa gauni la bibi harusi niliyemshonea mwaka 2014. Mume wangu anasema ni dharau, nakumbuka ninayoyapenda tu. Mama mkwe anasema nimechezewa. Mimi naogopa jambo la tatu: bibi yangu alifariki akiwa hakumbuki tena majina yetu. Je, ndiko ninakoelekea? Na hizi dawa za kuongeza kumbukumbu zinazouzwa mitandaoni zinafaa?"

Dada yangu, nianze na hiyo hofu ya tatu, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi, na asiyelala husahau zaidi.

Hapana. Uliyoyaeleza hayafanani na maradhi yaliyompata bibi yako. Ugonjwa wa kusahau wa uzeeni humwanza mtu aliyekuwa mzima wa kumbukumbu, halafu humpunguza kidogo kidogo. Mgonjwa huuliza swali lile lile mara tano ndani ya saa moja bila kujua kwamba ameshauliza. Hupotea njia ya sokoni aliyoipita miaka arobaini. Hukosa jina la kijiko alichokishika mkononi. Na mara nyingi yeye mwenyewe haoni tatizo; wanaoliona ni watoto wake. Wewe umenitajia makosa yako kwa idadi na kwa miezi. Unakumbuka vizuri mno kwamba ulisahau.

Daktari wa mwanao hakukuuliza habari za utoto kwa udadisi. Kwa vigezo vya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani vya mwaka 2013, ambavyo hutumika sehemu nyingi duniani, mtu mzima hathibitishwi kuwa na ADHD mpaka ionekane kwamba baadhi ya dalili zilikuwepo kabla hajafika miaka 12. Vigezo hivyo vina dalili tisa za upande wa umakini. Moja ni kupoteza vitu, nyingine ni kusahau shughuli za kila siku. Kwa hiyo kusahau kwako ni sehemu ya hali yenyewe. Ulikuwa nako ulipokuwa binti unayeacha sweta shuleni, ila wakati ule kulikuwa na mama wa kukukumbusha, na hukuwa na duka, mtoto, kikoba na jiko kwa wakati mmoja. Wanawake wengi hugundulika kama wewe, kupitia mtoto, kwa sababu msichana anayeota ndoto darasani hamsumbui mwalimu kama mvulana anayerukaruka.

Sasa tuje kwenye gauni la 2014. Mumeo analitumia kama ushahidi dhidi yako. Mimi nalichukua kama ushahidi wa upande wako, kwa kuwa linaonyesha kwamba ghala lako la kumbukumbu ni zima. Shida iko mlangoni, kwenye kuingiza na kutoa.

Jambo haliingii kwenye kumbukumbu kwa sababu tu macho yameliona. Linaingia likipokewa na umakini. Unapoweka funguo juu ya friji huku unaongea na mteja kwenye simu, mkono umeweka lakini umakini haukuwepo, na hakuna kilichoandikwa. Baadaye unakaa unajikamua kichwa ukumbuke ulipoziweka, unakasirika, unalia. Dada yangu, hukusahau. Hukuwahi kujua. Huwezi kutoa ghalani kitu ambacho hakikuingizwa.

Kuna na namna ya pili. Akili ya kila mtu ina sehemu ya kubebea mambo yanayotumika sasa hivi, nami hupenda kuifananisha na sinia. Wengine sinia lao linabeba vikombe vitano au sita bila kumwagika. Lako linabeba viwili vitatu, na halina kingo. Umeingia chumbani kufuata mkasi, mtoto amekuita, umegeuka, kikombe kimeanguka. Umesimama katikati ya chumba hujui ulifuata nini. Ndiyo maana mteja akikutajia vipimo huku mwingine anauliza bei, kiuno kinapotea.

Namna ya tatu ndiyo inayokutesa zaidi, na ndiyo iliyochoma maharage, ikaleta faini za kikoba na kumwacha mtoto getini. Ni kukumbuka jambo ambalo wakati wake bado. Hapo hakuna mtu wa kukuuliza. Akili yenyewe inatakiwa ijiamshe katikati ya shughuli nyingine na kusema: sasa. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na upande wa mbele wa ubongo, ukitegemea kemikali za dopamini na noradrenalini, na huko ndiko ADHD inakopunguza nguvu. Mwenye hali hii pia huhisi muda tofauti na wengine. Jambo la saa nane mchana na jambo la wiki ijayo yote yanaonekana yako mbali kwa umbali mmoja, mpaka moja linapokuangukia.

Mumeo ameona sawasawa lakini amehukumu vibaya. Ni kweli unakumbuka yanayokuvutia. Umakini wa mwenye ADHD huvutwa na jambo jipya, jambo linalopendeza, au jambo la dharura, kuliko jambo lililo muhimu tu. Gauni lile lilikuwa na yote matatu: mshono mgeni, kazi unayoipenda, harusi Jumamosi. Maharage ni muhimu, lakini ni yale yale ya jana. Dharau ni mtu kujua na kupuuza. Wewe wakati ule hujui, kisha ukijua unaumia. Msomee aya hii akiwa ametulia, siyo siku ya ugomvi.

Kwa mama mkwe sina maneno makali; anajaribu kueleza jambo linalomtisha. Mwambie kwa heshima kwamba hali hii imo sana katika kurithi. Tafiti za mapacha huonyesha kwamba kurithi kunachangia takriban asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu, na ndiyo sababu wewe na mwanao mnafanana. Mwambie pia kwamba haikuletwa na simu wala maisha ya siku hizi: daktari Mskoti, Alexander Crichton, aliandika kuhusu watu wasioweza kushikilia umakini mwaka 1798. Kama dua inakupa utulivu, omba. Ila usikubali kutumia pesa ya ada kutafuta aliyekuchezea.

Sasa hizo alamu kumi na moja.

Naelewa kwa nini uliziweka. Lakini alamu inayolia wakati mikono yako iko kwenye cherehani inakuomba ufanye jambo usiloweza kulifanya papo hapo. Unaizima ukisema "namaliza pindo hili", na ukishaizima, jambo limerudi kwenye lile sinia. Zaidi ya hapo, sauti inayolia mara kumi na moja kwa siku huzoeleka kama honi za barabarani. Futa nane. Bakiza tatu, kila moja na mlio wake, na kila moja iitwe kwa kitendo: "Simama, funga duka, nenda shule." Iweke ilie dakika ile ile unayotakiwa kunyanyuka, siyo nusu saa kabla "ili nijiandae". Simu ikae upande wa pili wa duka, uifuate kwa miguu. Na jiwekee sharti moja: alamu haizimwi nikiwa nimekaa. Kama kweli huwezi kuondoka, iahirishe dakika tano, usiizime.

Alamu, hata hivyo, ni msaada wa pili. Msaada wa kwanza ni kuweka ukumbusho mahali pale pale kitendo kinapofanyika, ili mwili uugonge kabla ya akili kuutafuta. Nitakupa mifano ya duka lako na nyumba yako, maana ushauri wa jumla haujamsaidia mtu yeyote mwenye hali hii.

Maharage: ukitoka jikoni hata kwa dakika moja, toka na mwiko mkononi. Usiuweke chini. Ukienda kumfungulia mgeni mlango umeshika mwiko, utajiuliza mwenyewe kwa nini umeushika. Nimewashauri watu wengi jambo hili, na ndilo ninaloletewa shukrani kuliko mambo yote makubwa niliyowahi kuyasema. Pasi ya dukani: funguo za duka zilale kando ya soketi ya pasi siku nzima. Huwezi kufunga mlango bila kwenda pale, na ukienda pale utaiona. Vipimo: visiandikwe kwenye daftari utakalolitafuta, wala kwenye ujumbe wa simu uliochanganyika na salamu. Andika kwenye kipande cha karatasi mteja akiwa bado amesimama mbele yako, kibane kwa pini kwenye kitambaa chenyewe, ndipo uipokee simu inayolia. Kitambaa cha kusafiri nacho: kwenye daladala mkoba wenye mzigo wa mteja uvae begani au upitishe mkono kwenye kamba yake, hata ukiwa umekaa. Kikishawekwa chini ya kiti, kwa akili yako kimetoweka.

Mchango wa kikoba una dawa rahisi zaidi: usiusubiri ufike tarehe yake. Lipa siku pesa inapoingia, mteja akitoa malipo ya awali tu, kabla hujainua mkasi. Umesema pesa unayo. Basi kinachokosekana ni kufupisha umbali kati ya kupata na kulipa.

Utaona mifano yote hii ina umbo moja: jambo fulani likitokea, nafanya hili. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza mipango ya namna hii kwa miaka mingi, na imeonekana kwamba mtu aliyefunga nia yake kwenye tukio mahususi hutimiza zaidi kuliko aliyesema tu "nitajitahidi". "Nitajitahidi kununua umeme" haina mahali wala saa. "Nikishuka kwenye daladala, kabla sijavuka barabara, nanunua umeme kwa simu" ina mahali na ina mguu wa kusimamia.

Hapa niseme neno na mumeo na wote wanaoishi na watu kama wewe. Neno "usisahau" halina kazi. Ni kumkabidhi mzigo yule yule aliyeumia bega. Ukimwambia asubuhi "usisahau kupitia dawa za mtoto", umeridhika nafsini mwako kwamba umesema, lakini hujamsaidia. Msaidie kwa kupiga simu saa kumi, anapofunga duka: "Pita duka la dawa." Basi. Sauti ya kawaida, bila hotuba ya mwezi uliopita. Aibu nayo hula umakini. Mtu anayetembea akiogopa kosa lijalo ana nafasi ndogo zaidi kwenye sinia.

Lakini, dada yangu, lazima niwe mkweli kwako pia. Kujua sababu hakukuondolei wajibu. Mteja aliyepoteza kitambaa alipaswa kulipwa, na ulifanya vyema kumlipa. Na yako mambo ambayo hayafai kuning'inia kwenye kumbukumbu yako peke yake hata ukiboresha kila kitu. Kumchukua mtoto ni la kwanza. Kubaliana na dereva mmoja wa bajaji unayemwamini, au mzazi mwenzako jirani, na mwombe mwalimu apige simu namba mbili, yako na ya baba yake, ratiba ikibadilika. Hiyo siyo kushindwa kulea. Mtoto anahitaji kufika nyumbani. Hahitaji kujua ni kumbukumbu ya nani iliyomfikisha.

Usianze na haya yote. Chagua mawili. Ningekuwa wewe ningechagua mwiko na karatasi ya pini, maana hayo hayahitaji simu wala hela. Baada ya wiki tatu hivi utaona yameanza kufifia, karatasi hujaandika siku mbili. Wengi hapo hukata tamaa na kusema "hata hili limenishinda". Halijakushinda. Kwa akili inayovutwa na kipya, kila nyenzo huchakaa. Badilisha rangi ya karatasi, hamisha mahali, anza tena. Watu ninaowaona wakifaulu kwa miaka ni wale waliozoea kuanza tena bila kujitukana.

Kuhusu dawa. Zipo zenye ushahidi mzuri. Inayotumika zaidi ni methilfenideti, ambayo huongeza dopamini na noradrenalini kwenye ubongo na huanza kufanya kazi kwa kiasi cha saa moja. Ipo pia atomoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha faida. Kwa watu wazima wengi husaidia waziwazi, siyo kwa wote. Zinaweza kupunguza hamu ya kula, kuvuruga usingizi, kupandisha mapigo ya moyo na presha. Kwa hiyo daktari lazima apime presha, aulize habari za moyo katika ukoo, na ajue kama una mimba, unanyonyesha au unapanga kupata mtoto. Methilfenideti inadhibitiwa kisheria, haipatikani kila mahali, na gharama yake inaweza kuwa mzigo. Usiitafute kwa mtu wa mtandaoni, na usijaribu ya mwanao akiandikiwa.

Wala usitegemee dawa ikufanyie yote. Mwaka 2010 Steven Safren na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima 86 waliokuwa tayari wanatumia dawa za ADHD lakini bado wanahangaika. Waliofundishwa stadi za kupanga, kugawa kazi na kushughulikia mawazo ya kujidharau walipata nafuu zaidi ya wale waliofundishwa njia za kutuliza mwili na akili. Dawa huweza kulipanua sinia. Nani apange vikombe, hilo bado ni lako.

Vidonge na unga wa "kuongeza kumbukumbu" mnavyouziwa mitandaoni, sivishauri. Sijaona ushahidi wa kuaminika kwamba vinasaidia hali hii, na vingine havisemi ndani yake kuna nini. Pesa hiyo ipeleke maabara, kwa sababu kuna mambo yanayoongeza kusahau juu ya ADHD na yanatibika. Pima damu kama imepungua, hasa kama hedhi yako ni nzito. Pima tezi ya shingo. Mwombe daktari aangalie vitamini B12, zaidi kama unatumia metfomini ya kisukari kwa muda mrefu. Mweleze kila dawa unayomeza, hata ile ya mafua yenye klorofeniramini ambayo wengi hunywa kila wiki bila kufikiri. Inaleta usingizi na kuzima umakini. Na mweleze unalala saa ngapi. Mafundi wengi hushona mpaka saa nane usiku misimu ya Idi na harusi. Kwa saa nne za usingizi hata mtu asiye na ADHD ataunguza maharage. Kama moyo wako umekuwa mzito kwa wiki kadhaa, hakuna kinachokufurahisha, hata kushona, sema hilo wazi, kwa maana sonona nayo huiba kumbukumbu. Na ukifikia kuwaza kwamba wanao wangekuwa salama zaidi bila wewe, usisubiri miadi. Nenda siku hiyo hiyo, na mtu wa kukusindikiza.

Kwa wasomaji wengine niongeze: kusahau kulikoanza ghafla siyo ADHD. Mtu aliyekuwa sawa jana na leo amechanganyikiwa, ana homa, mdomo umekwenda upande, mkono umelegea, ameanguka na bodaboda, au amepata degedege, apelekwe hospitali mara moja. Na kusahau kulikoanza ukubwani na kunazidi mwezi hadi mwezi nako kunataka uchunguzi.

Wewe umeshaambiwa una hali gani, ila naona hukurudi kwa ajili yako mwenyewe. Rudi. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Wasomaji wa mbali wanaweza kwenda Mirembe kwa Dodoma, Bugando kwa Mwanza, KCMC kwa Moshi, Kidongo Chekundu kwa Unguja, au Mathari kwa Nairobi, au kuomba rufaa kwenye hospitali ya mkoa. Nenda na mtu aliyekujua ukiwa mdogo, au umpigie mama yako mbele ya daktari, na kama ripoti zako za shule ya msingi bado zipo, zibebe. Maneno ya walimu wa zamani husaidia sana. Andika maswali yako leo hii, wakati barua hii iko mbele yako. Karatasi ya miadi usiitie kwenye mkoba. Ibandike kwenye mlango wa kutokea, usawa wa macho, na mwombe mumeo akupigie asubuhi ile saa moja kamili.